Kuwatunza Wenye Magonjwa Sugu ya Mapafu Katika Zahanati Zetu



Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie kundi la wagonjwa ambalo kwa miaka mingi tumelihudumia bila kulielewa vizuri. Hawa ni wale wanaoishi na magonjwa sugu ya mapafu: wenye pumu, wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao watabibu huuita kwa kifupi COPD, na wale waliopona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na makovu. Tumechagua mada hii kwa sababu kila mwaka kamati zetu hukaa kupanga bajeti ya zahanati, na kila mwaka swali ni lile lile: fedha kidogo iliyopo inunue nini? Makala hii inaeleza kwa nini tunaomba sehemu ya fedha hiyo iende kwenye dawa za kuvuta, vipimo vidogo na daftari la wagonjwa, hata kama vitu hivyo havivutii macho kama jengo jipya.

MGONJWA TUNAYEMFAHAMU SOTE

Karibu kila zahanati ya kijijini ina mgonjwa wa namna hii. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye amepika kwa kuni tangu akiwa binti. Ana kikohozi kisichokwisha. Zamani alikuwa akipanda mlima kwenda shambani bila shida. Sasa anapumzika mara tatu njiani, na Jumapili huondoka nyumbani mapema kuliko wenzake ili awahi Misa. Akija zahanati anapewa antibayotiki, anapata nafuu kidogo, anarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili anakuja tena. Safari nyingine anaanzishiwa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea. Ukifika msimu wa baridi anazidiwa usiku. Familia inauza mbuzi au gunia la mahindi, inakodi gari, analazwa hospitali siku kadhaa, kisha anatoka bila dawa ya kuendelea nayo. Mwaka unaofuata mambo ni yale yale.

Tukiwa wakweli, sisi wenyewe tumewahudumia akina mama wa namna hii kwa mtindo huo. Sababu kubwa siyo uzembe wa wahudumu. Zahanati zetu ziliandaliwa kwa ajili ya magonjwa yanayokuja na kuondoka, kama malaria, kuhara na nimonia. Mgonjwa anafika, anapimwa, anapewa dawa, anapona, na habari yake inaishia hapo. Magonjwa sugu ya mapafu hayako hivyo. Mengi hayaponi kabisa, lakini yanaweza kudhibitiwa kiasi kwamba mgonjwa analala usiku, analima, anauza sokoni na kulea wajukuu zake. Ili kufika hapo anahitaji huduma ndogo inayoendelea, siyo huduma kubwa inayokuja mara moja akiwa amezidiwa. Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka kamati zetu zilielewe.

UKUBWA WA TATIZO

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwaka 2021 ugonjwa wa COPD ulisababisha vifo takribani milioni 3.5 duniani, ukiwa wa nne miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi. Miongoni mwa wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kufikia umri wa miaka 70, karibu 90 kati ya kila 100 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Pumu nayo, kwa makadirio ya mwaka 2019, ilikuwa na wagonjwa takribani milioni 262, na watu wapatao 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo mwaka huo.

Huenda mtu akadhani kwamba haya ni matatizo ya wavuta sigara wa mijini. Sivyo. Utafiti uliofanyika Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa takribani watu 16 kati ya 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 walikuwa na COPD. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa Mlandizi, Mkoa wa Pwani, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta zaidi ya watu 17 kati ya 100 wenye umri wa miaka 35 na kuendelea wakiwa nao. Karibu kaya zote zilizohusika zilipikia kuni au mkaa, na ni wagonjwa wachache mno waliokuwa wamewahi kupata dawa ya kuvuta. Kwa maneno mengine, wagonjwa wapo vijijini mwetu, lakini wengi hawajui ugonjwa wao na hawajawahi kupata dawa inayofaa.

MAGONJWA HAYA NI YAPI?

Pumu mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Njia za hewa huvimba na kubana, kisha hufunguka tena. Ndiyo maana mwenye pumu anaweza kuwa mzima kabisa mchana, halafu usiku wa manane akabanwa kifua na kutoa mlio kama filimbi. Mara nyingi katika ukoo huwa kuna mwingine mwenye hali hiyo. Vumbi, moshi, mafua, baridi au mazoezi makali huweza kuiamsha.

COPD huja polepole, kwa kawaida baada ya umri wa miaka 40. Njia za hewa na vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu huharibika baada ya miaka mingi ya kuvuta moshi wa sigara, moshi wa kuni na mkaa, au vumbi la kazini. Uharibifu huo haurudi nyuma. Mgonjwa anakuwa na kikohozi, makohozi na kuhema, na kila mwaka uwezo wake wa kutembea unapungua. Katika nchi tajiri sigara ndiyo chanzo cha wagonjwa zaidi ya 70 kati ya 100. Katika nchi zetu sigara inachangia 30 hadi 40 kati ya 100, na moshi wa jikoni unachukua nafasi kubwa.

Kundi la tatu ni wale waliomaliza dawa za kifua kikuu na kutangazwa kuwa wamepona. Vimelea vimekufa kweli, lakini mapafu yamebaki na makovu. Wengi wao huendelea kukohoa na kuhema, na jirani wakiwasikia hudhani ugonjwa umerudi. Kwa upande mwingine, wachimbaji waliovuta vumbi la mawe kwa muda mrefu hupata makovu yasiyoondoka, na vumbi hilo huwaongezea hatari ya kupata kifua kikuu.

KWANZA, TUHAKIKISHE SIYO KIFUA KIKUU

Hatua ya kwanza kwa kila mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni kupima makohozi. Hapa hatuna mzaha. Ikiwa zahanati haina maabara, makohozi yapelekwe kwenye kituo chenye mashine ya GeneXpert, ambayo matumizi yake yaliidhinishwa na WHO mwishoni mwa mwaka 2010 na ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Aidha, mgonjwa ashauriwe kupima VVU.

Lakini tunapaswa kujiuliza swali la pili, ambalo kwa muda mrefu hatukuliuliza: kama siyo kifua kikuu, ni nini? Mgonjwa asiambiwe tu kwamba hana TB kisha akaachwa aende zake. Kikohozi chake bado kipo. Kumwanzishia dawa za TB kwa kubahatisha humpotezea miezi sita na kumpa madhara ya dawa asizohitaji, huku ugonjwa wake halisi ukiendelea.

KIPIMO KIDOGO KINACHOSAIDIA SANA

Kipimo kamili cha magonjwa haya ni cha spirometa, ambacho mara nyingi kinapatikana hospitali kubwa tu. Hata hivyo zahanati inaweza kufanya mengi kwa kipimo cha nguvu ya pumzi. Ni bomba la plastiki lenye mshale. Mgonjwa anavuta pumzi nyingi, anapuliza kwa nguvu zake zote, na mshale unaonyesha kasi ya hewa iliyotoka. Hurudia mara tatu, na jibu la juu kabisa ndilo linaloandikwa. Halitumii umeme wala karatasi maalumu.

Baada ya hapo mgonjwa anavuta dawa ya kufungua njia za hewa mara mbili, anakaa dakika 15, kisha anapuliza tena. Kama kasi imeongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, yaani kutoka 200 mpaka 240 kwa mfano, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni pumu. Kama haikubadilika, na mgonjwa ni mtu mzima aliyeishi na moshi kwa miaka mingi, tabibu anafikiria zaidi COPD. Utaratibu huu umo katika mwongozo wa WHO unaojulikana kama PEN, uliotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya kuhudumia magonjwa yasiyo ya kuambukiza katika ngazi ya msingi. Pale inapobaki mashaka, mgonjwa apewe rufaa kwa uchunguzi zaidi, ikiwemo picha ya kifua.

DAWA YA KUVUTA AU VIDONGE?

Hapa ndipo penye gharama, na ndipo penye maswali mengi ya kamati. Wengi wanatuuliza: kwa nini tununue pampu za kuvuta wakati vidonge vya salbutamo ni rahisi zaidi?

Jibu liko katika hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamo kina miligramu 4 na kinapitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani. Kuvuta pampu mara mbili kunampa mgonjwa mikrogramu 200 tu, ambazo ni sehemu moja ya ishirini ya kidonge hicho, lakini dawa inakwenda moja kwa moja inakotakiwa. Ndiyo maana ya pampu hufanya kazi kwa dakika chache, wakati vidonge huchelewa, hutetemesha mikono na kufanya moyo uende mbio. Vivyo hivyo sindano ya aminofilini, ambayo wagonjwa wengi bado wanaiomba, siyo chaguo zuri tena kwa sababu madhara yake kwa moyo yanaweza kuwa makubwa kuliko faida yake.

Dawa za kuvuta ni za aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni ya kutuliza, kama salbutamo, ambayo hufungua njia za hewa kwa saa chache. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa na hutumika kila siku hata mgonjwa akijisikia vizuri. Mwenye pumu anayepewa ya kutuliza peke yake anapata nafuu ya haraka, lakini uvimbe unaendelea chini kwa chini, na siku moja huzidiwa ghafla. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena kumtibu mgonjwa wa pumu kwa salbutamo peke yake. Kwa mwenye COPD mambo ni tofauti: dawa za kufungua njia za hewa ndizo za msingi, na dawa ya kuzuia hupewa wachache kwa uangalifu, kwani inaweza kuongeza hatari ya nimonia. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutofautisha magonjwa haya kabla ya kugawa dawa.

CHUPA YA MAJI INAYOOKOA PUMZI

Pampu ikitumiwa vibaya, dawa nyingi huishia mdomoni na kooni. Watoto, wazee na mgonjwa aliyezidiwa hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa yake ni chemba ya kuvutia, yaani chombo kinachoshika dawa ili mgonjwa aivute taratibu. Chemba za dukani zina bei, lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Profesa Heather Zar, walionyesha kuwa chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500 iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi sawa na ile ya dukani kwa watoto wenye pumu.

Chupa huoshwa kwa maji na sabuni, na huachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Tundu hutobolewa kwenye kitako kwa waya uliopashwa moto na kukunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, ili pampu iingie kwa kubana. Kisha nafasi inayobaki huzibwa kwa gundi. Mgonjwa huweka midomo kwenye shingo ya chupa, pampu hutikiswa na kubonyezwa mara moja, naye anapumua polepole mara nne au tano. Kisha hurudia kwa dozi ya pili. Baada ya dawa ya kuzuia ni lazima asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, la sivyo anaweza kupata fangasi mdomoni.

Jambo moja zaidi: pampu nyingi zina dozi 200, na dawa ikiisha hewa huendelea kutoka kana kwamba bado ipo. Wapo wanaobeba pampu tupu wakidhani wana dawa. Ndiyo maana tunawafundisha wagonjwa kuandika tarehe ya kuanza kwenye pampu na kuhesabu siku.

SOMO LA KLINIKI ZA KIFUA KIKUU

Kuwa na dawa bila utaratibu hakutoshi. Kwa bahati nzuri nchi yetu inaufahamu utaratibu huo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na Dkt. Karel Styblo akafanya kazi na wataalamu wetu kuujenga. Misingi yake ilikuwa rahisi: kila mgonjwa aandikwe kwenye rejesta, awe na kadi, dawa zake ziwepo hadi mwisho, asipokuja atafutwe, na mwisho wa kipindi ihesabiwe ni wangapi wamepona. Katikati ya miaka ya 1990 WHO iliueneza mfumo wa namna hiyo duniani kote. Baadaye kliniki za VVU nazo zilitumia rejesta, kadi na tarehe ya kurudi.

Kwa nini mwenye pumu au COPD asipate huduma ya namna hiyo hiyo? Tunachopendekeza ni daftari moja na siku moja ya kliniki kila mwezi. Daftari lionyeshe jina, kijiji, namba ya simu, ugonjwa, kipimo cha pumzi, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi. Kila anapokuja aulizwe maswali machache: amelala vizuri? Amezidiwa mara ngapi? Anavuta sigara? Anaonyeshaje anavyotumia pampu? Swali hili la mwisho ni la muhimu sana, maana wengi hukosea, na kosa hurekebishwa kwa dakika tano.

Mafunzo kwa wauguzi yanalipa. Katika jimbo la Free State, Afrika Kusini, utafiti uliohusisha kliniki 40 na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa wauguzi waliofundishwa papo hapo kazini kuhusu magonjwa yote ya mapafu kwa pamoja waligundua wagonjwa wengi zaidi wa kifua kikuu, na wagonjwa wao wengi zaidi walipata dawa za kuvuta za kuzuia. Hivyo basi, anayeogopa kuwa huduma hii itaiondolea TB nafasi yake asiogope. Kumchunguza vizuri kila anayekohoa kunasaidia pande zote mbili.

MOSHI, SIGARA NA MAZOEZI

Kwa mvuta sigara hakuna dawa inayoshinda kuacha. Muuguzi amwulize kila anapokuja, bila kumfokea, na familia imsaidie.

Kuhusu moshi wa jikoni, tunapenda kusema ukweli kwa wafadhili wetu, kwa kuwa miradi ya majiko inapendwa. Nchini Malawi ulifanyika utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2016. Kaya zilipewa majiko yaliyoboreshwa yanayotumia kuni. Nimonia kwa watoto haikupungua. Hii haina maana kwamba moshi hauna madhara. Maana yake ni kuwa jiko lenye moshi kidogo bado lina moshi, na familia huendelea kuvuta moshi wa jiko la zamani, wa takataka zinazochomwa na wa jirani. Jiko sanifu linaokoa kuni na kupunguza kuungua, nayo ni faida. Lakini kwa mapafu, kinachohitajika ni kufika kwenye gesi au umeme pale inapowezekana, na mpaka hapo tupikie nje au kwenye jiko lenye madirisha na dohani, tutumie kuni kavu, na watoto wachanga wasibebwe mgongoni wakati wa kupika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Vikundi vya akina mama parokiani vinaweza kuanza sasa, kwa mfano kwa kuweka na kukopa ili kununua mitungi.

Jambo linaloshangaza wengi ni mazoezi. Mwenye kuhema huogopa kutembea, akikaa misuli inalegea, na ikilegea anahema zaidi. Huko Kampala, Uganda, watu waliobakiwa na matatizo ya mapafu baada ya TB waliwekwa kwenye programu ya mazoezi ya wiki sita, na waliweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Zahanati inaweza kuanza na kutembea kila siku kwa kuongeza hatua kidogo kidogo, kusimama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, na kujifunza kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji.

LINI APELEKWE HOSPITALI?

Tunaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wazifahamu dalili hizi, na wasisubiri asubuhi:

1. Mgonjwa anashindwa kumaliza sentensi moja kwa sababu ya kuhema.
2. Midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu.
3. Amechanganyikiwa au anasinzia isivyo kawaida.
4. Amevuta dawa ya kutuliza na hapati nafuu.
5. Anakohoa damu, au miguu imevimba.

Wakati usafiri unatafutwa, aendelee kukaa wima na kuvuta dawa ya kutuliza kwa chupa. Zahanati yenye oksijeni impatie kwa kupima. Kwa mwenye COPD, oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kumdhuru. Lengo ni kiwango cha asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni.

TUNAOMBA NINI KWENU?

Kwa kamati za parokia, tunaomba mambo manne. Kwanza, mfuko wa dawa uwe na fungu la dawa za kuvuta ambalo haliguswi kwa matumizi mengine. Chukueni mfano wa zahanati yenye wagonjwa 20 wa pumu. Kila mmoja akivuta dawa ya kuzuia mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, pampu ya dozi 200 inamtosha siku 50, hivyo kwa mwaka zahanati itahitaji pampu zipatazo 146 za dawa hiyo. Ulizeni bei Bohari ya Dawa au kwa msambazaji wenu, zidisheni, kisha linganisheni na gharama ambazo familia hizo hulipa kwa kukodi magari na kulazwa. Pili, kila robo mwaka mwombeni mganga mfawidhi awaeleze ni wagonjwa wangapi wako kwenye daftari, wangapi wamerudi kwa tarehe yao, wangapi wamelazwa, na dawa zilikosekana kwa siku ngapi. Ombeni idadi, siyo majina. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Tatu, saidieni kutafuta wasiorudi, kwa ridhaa yao, kupitia wahudumu wa afya ya jamii. Nne, ondoeni minong'ono. Kila anayekohoa hana TB, na pampu hailevyi wala haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa majengo, vitanda na magari mliyotupatia. Safari hii tunaomba kitu ambacho hakiwezi kupigwa picha vizuri wala kuwekwa kibao cha shukrani: dawa zisizokatika kwa miaka kadhaa mfululizo, vipimo vya pumzi, na mafunzo ya wauguzi yanayorudiwa. Msaada wa mwaka mmoja kwa ugonjwa wa maisha yote unaweza kumwacha mgonjwa pabaya, kwa kuwa amejifunza kutegemea dawa ambayo baadaye haipo. Ni afadhali kuanza na zahanati chache tutakazoweza kuzihudumia bila kukatika kuliko kuanza nyingi na kuziacha njiani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mama yule anayepumzika mara tatu njiani, ufa ni pampu ya mwezi huu na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi yake. Ukuta ni gari la kukodi usiku na mbuzi aliyeuzwa. Tunaamini kwamba pumzi ni zawadi ambayo Mungu alimpa binadamu tangu kuumbwa kwake, na kuitunza ni sehemu ya utume wetu.

Tunawakaribisha wanakamati wote kuijadili makala hii katika vikao vyenu vya bajeti na kutuletea maoni. Mungu awabariki.